Somo: Umeme Unaorudi Nguzoni

Ninyi wa Kihagara na vijiji vingine vya pwani ya Ziwa Nyasa, karibuni. Leo twazungumza juu ya umeme utokao nyumbani kwenda nguzoni.

Tumezoea kwamba umeme huja kwetu. Lakini waya ni kama njia ya miguu. Yaweza kupitwa kwenda na kurudi. Hapa mkoani Ruvuma, masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa maji wa Tulila, katika mto Ruvuma. Nguvu yake ni megawati 5, na mwaka 2015 ulianza kuiuzia TANESCO umeme. Siku zile Songea ilitegemea mashine za dizeli. Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018, kutoka Makambako.

Mwaka huohuo EWURA ilitoa kanuni zinazomhusu hata mwenye mtambo mdogo wa sola. Akikubaliwa na kutia saini mkataba, hufungiwa mita inayohesabu pande zote mbili. Umeme unaozidi mchana huenda kwenye gridi, na uniti zake huwekwa katika hesabu yake. Fedha taslimu asizitazamie.

Sasa sikilizeni vizuri. Umeme umekatika kijijini. Bwana mmoja awasha jenereta, achomeka waya wake katika soketi ya ukutani, na taa zawaka. Watoto washangilia! Lakini swichi kuu hakuizima. Volti 230 za jenereta zatoka nje mpaka kwenye transfoma. Transfoma hiyo hupunguza volti 33,000 zinapokuja. Umeme ukirudi, huzipandisha. Na juu ya nguzo yuko fundi, anayejua kwamba njia imezimwa. Fundi mwangalifu hupima waya na kuuunganisha na ardhi kabla ya kuugusa, lakini maisha yake yasitegemee jambo hilo peke yake.

Inveta ya sola iliyotengenezwa kwa gridi hujizima yenyewe gridi inapokatika. Wengine hudhani imeharibika, wakamlaumu aliyewauzia. Haijaharibika, inamlinda yule fundi. Jenereta haina akili hiyo. Yataka swichi ya kubadilishia, inayoruhusu upande mmoja tu kwa wakati mmoja: ama gridi, ama jenereta. Ifungwe na fundi mwenye leseni, si kijana wa kuchaji simu.

Sasa chukueni daftari, mjibu kwa sentensi mbili: Kwa nini waya uliozimwa waweza kuua? Mwalimu wenu atawasahihishia. Juma lijalo tutasoma hesabu za mita. Kwa herini.