Nani Anamjibia Mnyama wa Utafiti?

Mada kwa semina ya wafugaji, maafisa mifugo na walimu wa sayansi, Kata ya Ihembe, Wilaya ya Karagwe



Chanjo ya ndigana kali inaanzia kwenye mwili wa ng'ombe aliyeambukizwa kwa makusudi. Katika maabara hutiwa vimelea vya ugonjwa, na akishashikwa na homa, kupe wachanga huachiwa wamnyonye. Kupe hao wakikomaa hufungiwa kwenye masikio ya sungura, wanyonye kwa siku chache ili vimelea viive ndani ya tezi zao za mate. Ndipo kupe wanasagwa, uji wao unachujwa na kugandishwa katika mirija midogo ndani ya naitrojeni ya maji. Mchanganyiko unaotumika Afrika Mashariki ulitayarishwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na mojawapo ya aina zake tatu za vimelea asili yake ni Serengeti. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ilitengeneza dozi zipatazo milioni moja mwaka 2008. Kazi ya kiasi hicho huhitaji ng'ombe 130 hivi na sungura 500 hivi.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu hapa kwetu, tajeni utafiti wa wanyama, mtu anafikiria Nairobi au Morogoro. Lakini ndama anayechomwa chanjo hiyo akapona, amepona kwa sababu wanyama wengine waliumwa kwa niaba yake. Siipingi kazi hiyo. Nimeona ndama wakifa kwa ndigana kali, povu likiwatoka puani kama la sabuni, na sitamani mfugaji yeyote ayaone. Ninachosema ni kwamba maumivu yale yana wenyewe wa kuyajibia, na kazi yetu leo ni kuwatambua.

Sheria ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, imeunda Baraza la Ushauri la Ustawi wa Wanyama na inawagusa pia wanyama wa majaribio. Anayetaka kufanya utafiti nchini hupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na akitaka kugusa wanyamapori anakutana pia na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI. Taasisi kubwa zina kamati zinazosoma pendekezo la mtafiti kabla mnyama hajaguswa: je, lazima mnyama atumike? Idadi ya wanyama haiwezi kupungua? Maumivu yatapunguzwaje? Maswali haya matatu yaliwekwa pamoja na Waingereza wawili, Russell na Burch, katika kitabu chao cha mwaka 1959, na mpaka leo kamati za dunia nzima zinayatumia.

Hapo kwenye makaratasi tuko vizuri. Wasiwasi wangu uko bandani, saa kumi na mbili asubuhi.

Chukueni jaribio la kupima kama chanjo inafanya kazi. Ndama waliochanjwa na ambao hawakuchanjwa wote wanaambukizwa. Wale ambao hawakuchanjwa wataugua, na hilo linajulikana tangu siku ya kwanza. Sasa, waachwe waugue mpaka wapi? Mtafiti makini anaandika kikomo mapema: joto likipita nyuzi 39.5 kwa siku kadhaa, tezi ya chini ya sikio ikivimba, ndama akaacha kula na kupumua kwa shida, basi jaribio kwake limekwisha. Anatibiwa kwa buparvakwoni, au kama haponi tena, analazwa bila maumivu. Takwimu iliyotakiwa imeshapatikana. Kumwacha afe mwenyewe hakuongezi elimu yoyote.

Lakini ni nani anayeona kwamba tezi imevimba? Profesa anafika saa tatu, pengine siku mbili kwa wiki. Anayeona ni mhudumu wa banda, kijana anayelipwa kidogo kuliko wote, aliyeshika pipa la maji na kipimajoto. Yeye ndiye anayejua kwamba ndama wa kizimba cha nne jana jioni alisimama akiangalia ukuta na hakucheua. Mahali pengi hana mamlaka ya kusimamisha chochote. Anaandika kwenye daftari, daftari linasubiri, na ndama anasubiri pamoja nalo. Kamati inaweza kuwa na wasomi wa kutosha, na mnyama akateseka siku tatu kwa sababu namba ya simu ya daktari wa mifugo haikubandikwa mlangoni.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hii: mhudumu wa banda apewe haki ya kumpigia daktari wa mifugo moja kwa moja, usiku au sikukuu, na daktari awe na haki ya kumtoa mnyama kwenye jaribio bila kumsubiri mtafiti.

Hoja ya pili inawahusu ninyi zaidi. Miongozo ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani inataka kamati inayosoma mapendekezo ya utafiti iwe na mwanasayansi, daktari wa mifugo, na mwananchi wa kawaida asiye mtafiti. Kiti cha mwananchi kikijazwa kwa mtu wa mjini ambaye hajawahi kulala karibu na ng'ombe, atasaini tu. Mfugaji wa Karagwe anamjua ng'ombe kwa mwendo. Mnyambo aliyekua na ng'ombe wa pembe ndefu anaweza kukuambia ng'ombe yuko hoi kabla kipimajoto hakijasema. Elimu hiyo inatakiwa mezani. Na utafiti ukifanyika kwenye boma lako, kwa ng'ombe wako, basi boma lako limekuwa maabara: una haki ya kuambiwa nini kinachomwa, damu itatolewa mara ngapi, na nani atalipa ng'ombe akifa.

Kuna watakaosema haya ni huruma ya kupita kiasi wakati watu wana shida zao. Hawa nawaomba wautazame mkoa wetu, ingawa habari yenyewe inaanzia mbali. Agosti 1967, katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia, wafanyakazi wa maabara walianza kuugua homa isiyojulikana. Walikuwa wamepasua tumbili walioletwa kutoka Uganda na kushika damu na viungo vyao, kwa kazi ya chanjo ya polio. Waliougua ni 31, wakiwemo waliowauguza, na 7 walikufa. Ugonjwa ukapewa jina la mji wa Marburg. Machi 21, 2023, ugonjwa huohuo ulitangazwa hapa Kagera, upande wa Bukoba: wagonjwa 9, waliokufa 6. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Mwaka ule wa 1967, ugonjwa wa mnyama aliyekamatwa, akasafirishwa na kupasuliwa bila uangalizi wa kutosha ulimfikia binadamu. Usalama wa mhudumu na ustawi wa mnyama vinalindwa na kanuni zilezile: glavu, kizimba kinachofungika, mikono isiyo na haraka.

Hata popo, wanaobeba virusi vya Marburg, wanatufundisha hilo. Baada ya wachimbaji kuugua Marburg mwaka 2007 katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, popo wa mgodini waliuawa kwa wingi. Popo wapya walipohamia, watafiti walikuta maambukizi yamepanda kutoka asilimia 5 hivi hadi 13. Basi wakija watafiti wa popo katika mapango yetu, waulizwe watawakamata wangapi, watawarudisha vipi, na nani wa kijijini atakuwepo wakati wa kuwarudisha. Na vijana wetu waambiwe wasitie moto mapangoni.

Walimu, sijawasahau. Wanafunzi wa baiolojia wa kidato cha tano na sita wanapasua chura na panya. Watoto wanatumwa kuwakamata, wanyama hao wanawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na asubuhi nusu wamekufa kwa joto. Chombo cha klorofomu kinafunguliwa mapema kwa sababu kipindi ni kifupi, na chura anaamka tumbo likiwa wazi. Mwanafunzi anayeona hivyo anajifunza jambo ambalo halimo kwenye mtaala. Chura mmoja kwa kundi la wanafunzi wanne au watano anatosha, kifo kihakikishwe kabla ya wembe, na chati au mfano wa plastiki utumike pale unapotosha.

Naomba tukubaliane kabla hatujaenda kula. Afisa mifugo wa kata afungue daftari moja la kila utafiti unaogusa mnyama humu Ihembe: jina la mtafiti, namba ya kibali, mwenye mnyama, kikomo cha mateso, na simu ya daktari wa mifugo. Likae ofisi ya kata, na mfugaji yeyote akija kulisoma, asomewe.