Injini Kubwa Katika Gari Kuukuu: Tufikiri Kabla ya Kushika Spana

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)



Kikundi kimoja kimeniuliza swali. Wana pikapu kuukuu ya kubebea mahindi na maziwa, nayo ikipakiwa haipandi mlima. Wanataka kuitia injini kubwa zaidi, kazi ifanywe hapo nyumbani na vijana wao. Je, ni vibaya? Si vibaya. Lakini ngojeni kwanza niwaeleze niliyoyaona.

Kikundi kingine nilichokuwa nikikitembelea kilichanga pesa, shilingi kwa shilingi, wakanunua injini kubwa iliyotumika. Siku ya kuifunga wakakuta haikubaliani na giaboksi yao. Pikapu ikakaa chini ya mwembe miezi mingi, kuku wakataga ndani. Baadaye fundi mmoja mzee akaikagua ile injini ya kwanza. Nozeli zilikuwa zimechakaa na chujio la hewa limejaa vumbi. Basi, ni hayo tu! Pesa za akina mama hazikurudi, na wengine mpaka leo hawasalimiani.

Kwa hiyo, jambo la kwanza: tafuteni ugonjwa kabla ya kununua dawa. Angalieni chujio la hewa na la dizeli, nozeli, kompresheni, klachi inayoteleza, na breki zinazoshika magurudumu wakati hazijakanyagwa. Kila moja ya hizo huiba nguvu ya gari.

Pili, mkiona ni lazima kubadilisha, chagueni injini ya ukoo mmoja na ya zamani. Chukueni Toyota Hilux za dizeli za miaka ya 1980. Injini inayoitwa L ni sisi 2,188, 2L ni sisi 2,446, na 3L ni sisi 2,779. Msidanganyike na jina: 2L si lita mbili. Herufi L ni ya ukoo. Kwa kuwa ni ndugu, kuzibadilisha ni rahisi kuliko kuingiza injini ya kampuni nyingine. Hata hivyo, pimeni maunting, klachi, giaboksi, rejeta na nyaya kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Tatu, breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki kulisimamisha gari inakuwa mara nne. Gari lililokuwa likitambaa likianza kukimbia na breki za zamani, ni hatari kwa abiria na kwa watoto walioko barabarani. Tena injini kubwa haiongezi mzigo ambao chesisi na springi zinaweza kubeba.

Nne, kuinua. Injini ya dizeli ya namna hii hupita kilo 150. Jamani, tawi la mwembe si winchi! Kodisheni cheni bloku na stendi imara ya chuma. Tangulizeni kufungua waya wa betri. Mtu asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala asipitishe mkono chini ya injini inayoning'inia. Mkono wa kijana hauuzwi dukani.

Tano, karatasi. Kila injini ina namba yake, nayo imeandikwa kwenye logibuku. Mkibadilisha injini, NTSA, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, lijulishwe ili gari likaguliwe na kumbukumbu zirekebishwe. Kampuni ya bima pia iambiwe. Injini isiyo na risiti msiiguse. Ikiwa ni ya wizi, atakayeitwa na polisi ni mwenyekiti wenu.

Mwisho, itisheni mkutano. Katibu aandike hesabu mbili ubavuni mwa kila mmoja: upande huu gharama ya kutengeneza injini ya zamani, upande ule injini mpya pamoja na usafiri, klachi, rejeta, oili, breki, fundi na ukaguzi. Wote wasikie kabla mweka hazina hajatoa hata senti.

Halafu mjadiliane:
1. Nani amelipima gari letu, na amekuta nini?
2. Injini ikikataa kuingia, muuzaji atairudisha? Ameandika hivyo?
3. Gari likilala mwezi mzima, maziwa yatafikaje sokoni?

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kufungua bolti kwanza, halafu kuuliza.