Herufi tatu zilizomponza shemeji

Juma hili nina kisa cha herufi tatu. Shemeji yangu, mwalimu mstaafu, alipolipwa kiinua mgongo chake aliamua kuagiza basi dogo kutoka Japani, lile la abiria kumi na wanne, limsaidie uzeeni. Akaletewa ankara kifani. Bei ya gari ilikuwa dola 11,200, na kando ya bei hiyo pameandikwa: CIF Dar es Salaam. Shemeji alifurahi sana. Akaniambia, "Shemeji, hawa watu ni waungwana. Wananiletea gari mpaka bandarini kwetu, na bima juu yake."

Gari lilifika. Lilipotolewa bandarini halikuwa na redio, halikuwa na jeki wala tairi la akiba, betri ilikuwa imeng'olewa, na kioo cha mbele kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Shemeji alikaa wiki tatu akizunguka huku na huko, kisha akamwandikia muuzaji. Jibu lilikuja upesi, tena la adabu: gari lilipopandishwa melini kule Yokohama lilikuwa zima, na yaliyolipata baada ya hapo si juu yetu. Shemeji alikuja kwangu akiwa na ankara mkononi na kidole juu ya neno Dar es Salaam. "Si wameandika wenyewe? Dar es Salaam hii hapa!"

Wameandika, ndiyo. Na ubaya wa jambo hili ni kwamba muuzaji alikuwa na haki.

Herufi zile ni sehemu ya masharti ya biashara yanayoitwa Incoterms. Hutolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara, ambayo ilianzishwa mwaka 1919 na makao yake yako Paris. Wafanyabiashara wa siku zile walikuwa na tatizo la lugha. Mtu wa Uingereza akisema bei ni ya "melini" ana maana yake, Mmarekani ana yake, Mfaransa ana yake, na ugomvi huzuka mzigo ukiwa tayari umeharibika. Mwaka 1936 Chemba ikatoa orodha ya kwanza ya masharti yenye maana moja kwa wote. Tangu hapo yamerekebishwa mara kadhaa. Toleo la 1990 lilikuwa na masharti kumi na matatu, na toleo la 2020 lina kumi na moja.

Hii si sheria ya dola yoyote. Inakufunga kwa sababu wewe na mwenzako mmeiandika katika mkataba wenu. Ndiyo maana inafaa kuandika na mwaka wa toleo, kwani herufi zile zile hazikuwa na maana ile ile kila wakati. Halafu kuna mambo ambayo masharti haya hayayagusi kabisa. Hayasemi mali inakuwa yako saa ngapi, hayasemi utalipaje, wala hayasemi mwenzako akivunja mkataba utamfanya nini. Yanasema kazi gani ni ya nani, gharama gani ni ya nani, na mzigo ukipotea au kuvunjika hasara inamwangukia nani tangu mahali gani.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza shemeji, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Chukua kwanza FOB, sharti ambalo wakulima wetu wa kahawa, pamba na korosho wamelisikia tangu enzi za babu zao. Muuzaji anaufikisha mzigo melini katika bandari ya kwao, analipia kibali cha kutoa mali nchini, na baada ya hapo nauli ya meli, bima na hasara yoyote ya baharini ni vya mnunuzi. Hapo sote tunaelewana. Lakini "melini" ni wapi hasa? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ukingo wa meli. Mzigo ukishavuka ukingo, hasara imehama.

Mwaka 1954 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya gari la zimamoto lililouzwa kwa Serikali ya India kwa sharti la FOB London. Gari liliinuliwa kwa winchi, na kabla halijavuka ukingo likaanguka. Kulitengeneza kuligharimu pauni 966. Kwa kuwa halijavuka, hasara ilikuwa bado ya muuzaji; naye alipoidai kwa wenye meli alipata pauni 200 tu, kwa sababu kanuni za usafirishaji zilikuwa zimeweka kikomo. Jaji Devlin, katika hukumu yake, aliufanyia dhihaka mstari huo wa kufikirika unaopanda juu angani kutoka kwenye ukingo, na wanasheria wanaotazama mzigo ukining'inia huku hasara ikihama kwa huyu na kurudi kwa yule. Dhihaka ile ilichukua zaidi ya nusu karne kuzaa matunda. Toleo la 2010 ndilo lililoufuta ukingo: siku hizi hasara huhama mzigo ukishawekwa ndani ya meli. Na magari kama la shemeji hayainuliwi kwa winchi. Yanaendeshwa kwa magurudumu yake hadi tumboni mwa meli.

Sasa tuje kwenye CIF. Mtu wa kawaida akiona CIF Dar es Salaam anadhani ni kinyume cha FOB, yaani muuzaji anabeba kila kitu mpaka Dar es Salaam. Sivyo. Kwa upande wa hasara, CIF na FOB ni ndugu wa tumbo moja: hasara inahama pale pale melini, katika bandari ya kupakilia. Tofauti yake ni kwamba katika CIF muuzaji analipa nauli hadi bandari iliyotajwa na anakata bima kwa faida ya mnunuzi. Jina la Dar es Salaam pale linaonyesha nauli imelipwa mpaka wapi. Halionyeshi dhamana ya muuzaji inaishia wapi. Sharti moja lina vituo viwili, na kile cha pili ndicho pekee kilichoandikwa kwenye ankara! Mimi naona huu ni mtego, hata kama aliyeutega hakukusudia, na sioni ajabu kwamba mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na miwili alinaswa.

"Basi," akasema shemeji, "kuna bima. Walisema wameikata." Kweli ilikuwapo. Tuliifungua bahasha tukaikuta hati ya bima, na chini yake herufi nyingine tena, safari hii moja tu: C. Bima za shehena za soko la London, ambazo ndizo zinazofuatwa sehemu kubwa ya dunia, zina madaraja ya A, B na C. A ndiyo pana. C ndiyo finyu: inalipa meli ikizama, ikikwama, ikipinduka, ikigongana au ikiungua moto, na mambo machache ya jinsi hiyo. Wizi wa redio haumo. Betri haimo. Kioo kilichopasuka gari likiwa limeegeshwa, hakimo. Na kanuni za CIF zinamtaka muuzaji akate C tu, kwa thamani ya mkataba na asilimia kumi juu yake, isipokuwa mnunuzi awe amekubaliana naye zaidi. Shemeji hakuomba zaidi. Angejuaje?

Mwaka 2020 Chemba iliinua kiwango cha bima mpaka A, lakini kwa sharti jingine liitwalo CIP, ambalo hutumika sana kwa bidhaa za viwandani na makontena. CIF ikaachwa na C yake, kwa sababu wenye shehena kubwa kubwa za nafaka, madini na mafuta hawakutaka kulipia bima pana wasiyoihitaji. Kwao ni sawa. Tani elfu thelathini za ngano haziibiwi redio.

Kulikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi, nao ni wenye meli. Kanuni za zamani za usafirishaji baharini zinampa mwenye mzigo siku tatu tangu kupokea atoe taarifa ya maandishi kama uharibifu hauonekani kwa macho. Ukionekana, taarifa itolewe pale pale wakati wa kupokea. Ukichelewa, huchukuliwa kwamba uliupokea mzima mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Shemeji alikuwa amesaini kupokea bila kuandika neno, akakaa wiki tatu. Tena nani athibitishe kama betri iling'olewa baharini au uwanjani baada ya kushuka? Wakala wa forodha alituambia, huku akitazama saa yake, kwamba mambo hayo hutokea.

Mtu atauliza: basi tununue kwa C&F, tuiache bima? C&F, ambayo tangu toleo la 1990 jina lake rasmi ni CFR, ni CIF bila bima. Muuzaji analipa nauli, wewe unajikatia bima mwenyewe. Mimi naipenda hiyo, kwa sharti moja: bima hiyo uikate kweli, tena A, tena kabla meli haijapakiwa. Kampuni ya bima iliyo mtaa wa pili unaweza kwenda kugonga mezani kwake. Sheria za bima za Tanzania na za Kenya nazo zinataka shehena inayoingizwa nchini ikatiwe bima na kampuni za ndani, kwa hiyo anayenunua kwa CIF anaweza kujikuta amelipia bima mara mbili. Ila asidhani ameukwepa ushuru kwa kutoa bima kwenye ankara. Kwa mzigo wa baharini, forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki huhesabu thamani pamoja na nauli na bima mpaka bandari ya kuingilia.

Anayeacha bima kabisa akumbuke meli ya Ever Given, iliyokwama katika mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 na kunasuliwa tarehe 29. Ilikuwa na makontena zaidi ya 18,000. Mwezi uliofuata mwenye meli alitangaza mchango wa pamoja wa hasara. Hiyo ni desturi ya kale ya bahari: gharama zikitumika kuokoa meli na shehena yote, wenye mali wote wanachanga, hata yule ambaye mzigo wake haukupata mkwaruzo. Mwenye bima, hata ile finyu ya C, kampuni yake humdhamini. Asiye na bima hutakiwa aweke fedha au dhamana yake mwenyewe kabla hajapewa kontena lake. Meli ile yenyewe ilizuiliwa Misri mpaka tarehe 7 Julai.

Vijana wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou wana mtego wao. Kiwanda kinawapa bei ya EXW, bei tamu kuliko zote, maana muuzaji anauweka mzigo mlangoni kwake na kazi imekwisha. Kuupakia kwenye lori ni juu yako, na kibali cha kuutoa China ni juu yako pia, wewe mgeni uliyeingia kwa viza ya siku chache. Ndipo anapotafutwa wakala, na utamu wa bei unaliwa huko. Sharti la FCA linamwachia muuzaji kibali cha kwao, naye anaukabidhi mzigo kwa msafirishaji uliyemchagua wewe.

FCA hiyo hiyo ingewafaa pia wauzaji wetu. Chama cha ushirika kikiuza kahawa kwa FOB, kontena likishafungwa na kukabidhiwa kwenye yadi ya makontena bandarini, hasara bado ni ya chama mpaka kontena liingie melini. Kontena linyeshewe, liibiwe, ni juu ya wakulima, na hali wao hawana ruhusa hata ya kuingia yadi ile. Chemba yenyewe inashauri kwamba kwa makontena FOB isitumike, itumike FCA. Lakini mazoea ni mazoea. FOB imo katika mikataba ya kahawa tangu enzi za magunia na makuli, na mnunuzi wa Ulaya hana sababu ya kuwa wa kwanza kupendekeza badiliko linalomhamishia hasara.

Basi la shemeji sasa liko barabarani. Kioo, betri, tairi na vile vingine alivinunua Gerezani kwa fedha aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya bati za nyumba, na nyumba mpaka leo ina turubai upande wa jikoni. Juzi alikuja tena. Nduguye wa Kyela anaagiza mashine ya kukoboa mpunga, na shemeji ndiye aliyekabidhiwa makaratasi. Alikuwa ameikata CIF kwa kalamu nyekundu, ile ile ya kusahihishia, juu yake akaandika CFR, na pembeni akaongeza mwaka, 2020. Aliniuliza swali moja tu: mashine ikifika, aende bandarini na fundi au aende na mtu wa bima? Nikamwambia aende na wote wawili, wafungue kasha kabla hajasaini popote.