Hiyo ndoa haijahalalishwa, wasee

Wasee, kabla tugombane. Nimesikia ikisemwa jukwaani kwamba Februari 2023 Mahakama ya Upeo ilihalalisha ndoa za jinsia moja. Zii. Majaji watatu dhidi ya wawili walisema shirika la kutetea mashoga na wasagaji lisinyimwe usajili. Basi.

Ndoa yenyewe iko kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 45: mtu mzima ataoana na mtu wa jinsia tofauti. Kifungu hicho kiko kwa sura ya haki, kwa hivyo hata Bunge peke yake haliwezi kukigeuza. Lazima kura ya maamuzi. Nani hapa Dandora ameletewa karatasi ya kura?

Mimi naona watu wazima wawili wakikubaliana, serikali iwape cheti, kanisa na msikiti zibaki na ndoa zao. Najua wengi mtanipinga, sawa tu. Lakini moto hauko hapo. Sheria ya jinai ya mkoloni, kifungu cha 162, bado inatishia miaka 14 jela; Mahakama Kuu ilikataa kuifuta Mei 2019. Mwenye ploti akishuku, mtu anafungiwa nyumba usiku, na kwa polisi haendi, maana anaogopa ni yeye atawekwa ndani.