Wawili Wanaolima Shamba la Mwingine

Masomo yetu leo ni Mhubiri 4:9-12 na Walawi 19:13.

Nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Biblia, nilisoma kwa Kifaransa kitabu kifupi cha Mmarekani John Steinbeck, Des souris et des hommes, kilichotoka mwaka 1937. Ni habari ya vibarua wawili wa California, George na Lennie. Lennie ana nguvu za ng'ombe dume, lakini akili yake ni ya mtoto. Kila mara anamwomba George amwelezee tena: siku moja watapata shamba lao, nyumba ndogo na sungura.

Ndugu zangu, hao wawili tunawajua. Wanapita asubuhi njia ya Masisi na jembe begani. Tangu wakati wa Wabelgiji milima yetu ina mashamba makubwa ya wachache, na wengi wanalima udongo usio wao. Wengine wanafanya salongo: siku kadhaa kwa mwenye shamba, ili wapate kipande cha kupanda maharagwe. Na wengine walikuwa na shamba, lakini Februari 2024 tuliwaona wakitoka Sake kuelekea Goma na godoro kichwani. Leo wanaomba kibarua.

Katika kitabu kile nimeona mambo matatu.

La kwanza, ndoto ya shamba si dhambi. Mungu mwenyewe, katika Isaya 65, anaahidi kwamba aliyepanda ndiye atakayekula. Usimcheke maskini anayeota.

La pili, upweke unaua. Crooks, mtu mweusi wa zizini, analala peke yake kwa sababu ya rangi yake. Mzee Candy, aliyekatwa mkono, anasikia mbwa wake mzee akipigwa risasi, anaogopa kwamba siku yake pia itakuja, atakapokuwa hafai kazi. Je, katika kanisa letu nani anakaa benchi la nyuma, hasalimiwi kwa sababu ya kabila, uzee au kilema?

La tatu, mwisho. Lennie anaua mwanamke bila kukusudia. Watu wanamtafuta kwa hasira, na George anampiga risasi rafiki yake ili wao wasimtese. Niliposoma nililia. Lakini wapendwa, hatuwezi kuita kifo msaada. Mahali pale palikosa mlango hata mmoja wa kukimbilia. Kanisa liwe mlango huo, kabla mambo hayajafika kwenye bunduki.

Sasa niungame. Mwaka mmoja niliita kibarua alime viazi vyangu. Jioni nikamwambia, "Rudi kesho, baba, sina chenji." Pesa nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimechoka kwenda kuivunja. Kesho yake mke wake ndiye aliyekuja, mtoto mgongoni. Akaniambia kwa upole, "Mchungaji, jana tulilala bila kula." Usiku ule nilikuwa nimehubiri juu ya upendo.

Walawi inakataza mshahara wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Basi wiki hii, wewe mwenye shamba, hata la mita kumi, lipa kabla jua halijazama. Na wewe kibarua, usimwache mwenzako njiani. Anayeanguka peke yake, nani atamwinua?

Mungu awabariki. Amina.