Siri ya Matoazi



Bendi ya polisi ipigapo, watu husifu tarumbeta. Ni wachache waulizao ni nani aliyefua yale matoazi.

Mwaka 1618, mjini Istanbul, fundi wa Kiarmenia aitwaye Avedis alichanganya shaba, bati na fedha kidogo, akapata madini yenye mlio wa ajabu. Sultani alimpa jina la Zildjian, maana yake mfua matoazi. Siri ile ikarithiwa ndani ya ukoo.

Mwaka 1927 mzee Aram alimwandikia mtoto wa nduguye, Avedis wa tatu, aliyekuwa Marekani akitengeneza peremende, kwamba zamu yake imefika. Yeye hakukubali kurudi Uturuki. Basi mwaka 1929 kiwanda kikafunguliwa Quincy, karibu na Boston.

Alipofariki mwaka 1979, wanawe Armand na Robert walifikishana mahakamani. Robert akaenda zake na kiwanda cha Kanada, akaanzisha kampuni ya Sabian mwaka 1981. Kwa fikira zangu, hasara ile ilipita ya fedha.

Lakini Armand aliwafunulia siri binti zake, jambo ambalo wazee hawakulifanya. Mwaka 1999 bintiye Craigie akawa mkuu wa kampuni.