Bustani ya Shule: Tukubaliane Kwanza, Tulime Baadaye

Mazungumzo na wazazi, walimu na wakuu wa mitaa, Baraka



Nimeombwa niseme juu ya klabu ya bustani ya mboga katika shule ya msingi. Mtu anaweza kuuliza: vita havijaisha, na wewe unatuletea habari za lengalenga? Ndiyo, nazileta. Mtoto anayehama anahama na njaa yake. Tena hapa kwetu Fizi ugomvi mwingi huanzia shambani.

Tukumbuke tulikotoka. Katika vita vya 1996 na 1998 watu wengi wa Fizi walivuka ziwa hadi Kigoma, wakaishi Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia mwezi wa kumi 2005 UNHCR ilianza kuwarudisha kwa meli hapa Baraka, na wako waliokuta shamba la baba linalimwa na mwingine. Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walikimbilia kwetu, kambi ya Lusenda ikafunguliwa. Mwezi wa pili 2025 M23 ikachukua Bukavu, na watu wakakimbia tena. Ndiyo maana darasa moja leo linaweza kuwa na mtoto wa mwenyeji, wa aliyerudi na wa aliyehama. Wakilima tuta moja wanaweza kuzoeana. Tusipojipanga, tuta hilohilo litawagombanisha wazazi wao.

Kwanza, ardhi. Kabla ya jembe kugusa udongo, direkta, komite ya wazazi, mkuu wa mtaa na majirani wa kiwanja watembee pamoja kwenye mipaka. Waandike karatasi, kila upande ubaki na nakala. Humo tupande mboga za muda mfupi tu. Tusipande michikichi wala migomba bila ruhusa ya mwenye ardhi, maana kwetu anayepanda mti huonekana anadai ardhi.

Pili, watoto. Watoto watano au sita kwa tuta moja wanatosha, wa familia na makabila mbalimbali, wavulana na wasichana. Kiongozi wa tuta abadilike kila mwezi. Kuchota maji isiwe kazi ya wasichana peke yao. Bustani isiwe adhabu, isile saa za masomo, wala isigeuke shamba la mwalimu. Tangu 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Tusimlipishe mtoto kwa jasho lake.

Tatu, kilimo chenyewe. Tuanze na matuta manne, yenye upana wa metre moja ili mtoto afikie katikati bila kukanyaga. Lengalenga huchumwa baada ya wiki tatu au nne, na mtoto akiona matunda ya kazi mapema hachoki. Halafu zifuate nyanya, bilinganya na bamia. Mavi ya mbuzi yaoze vizuri kwanza ndipo yatiwe. Nanyi mnajua kipindupindu kinavyotusumbua Baraka na Fizi nzima. Maji ya ziwa au ya mto yamwagiwe chini kwenye shina, si juu ya majani. Mboga ipikwe vizuri. Inayoliwa mbichi ioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa. Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni.

Nne, mifugo. Ua wa miti na miiba ujengwe kabla ya kupanda. Hata hivyo siku moja mbuzi ataingia. Akiingia, mtu asimkate wala asimfiche. Aitwe mwenyewe na mkuu wa mtaa, walipane kama walivyokubaliana mwanzoni. Mbuzi hana kabila, lakini tukichelewa kuzungumza, kufikia jioni watu watakuwa wanataja kabila la mwenye mbuzi.

Tano, mavuno. Tuamue mgawo kabla ya kupanda. Mimi napendekeza mafungu matatu: moja liende nyumbani na watoto wa klabu, sawa kwa sawa, la pili lipewe watoto wenye shida zaidi, la tatu liuzwe kununua mbegu. Mafungu yahesabiwe mbele ya watoto na kuandikwa kwenye daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kulisoma. Na likizo ya kiangazi, shule ikifungwa na mvua hakuna, nani atamwagilia? Wazazi wapeane zamu, na anayemwagilia wiki hiyo achume mboga za wiki hiyo.

Sitawadanganya. Matuta manne hayatamaliza vita, wala hayatalisha familia nzima. Siku usalama ukiwa mbaya, mtoto abaki nyumbani, mboga zikauke. Lakini wazazi waliokwisha kukaa pamoja kwa ajili ya mpaka wa bustani na mbuzi mmoja, watajua namna ya kukaa pamoja siku jambo kubwa likitokea.

Basi nawaomba kitu kimoja. Kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa, kila shule iite kikao cha ardhi na cha mgawo, na waliohama wapewe viti na neno kama wenyeji. Mbegu tutazitafuta baada ya hapo.